Cheti Alichokikataa Beethoven

Mwezi wa Mei 1810 Ludwig van Beethoven, aliyekuwa akiishi Vienna, alimwandikia rafiki yake wa ujanani, daktari Franz Wegeler, akamwomba amtafutie cheti chake cha ubatizo kutoka Bonn, mji aliozaliwa. Gharama zote angezilipa mwenyewe. Ombi hilo aliliambatanisha na onyo: kabla yake alizaliwa kaka aliyeitwa Ludwig pia, Ludwig Maria, akafa angali mchanga, kwa hiyo Wegeler awe macho asije akaletewa cheti cha marehemu. Humo humo akakiri kwamba kwa muda fulani ameishi bila kuujua umri wake hasa.

Cheti kilifika. Kilisema Ludwig alibatizwa tarehe 17 Desemba 1770. Beethoven akakikataa. Kwenye karatasi ile ile aliandika kwa mkono wake mwaka 1772, kisha akaongeza kwamba cheti hicho kinaonekana si sahihi, maana alikuwapo Ludwig mwingine kabla yake.

Sasa tuyaangalie madaftari ya parokia ya Mtakatifu Remigius, Bonn. Ludwig Maria alibatizwa tarehe 2 Aprili 1769 na akafa siku sita baadaye. Ludwig wa pili, huyu tunayemjua, alibatizwa mwaka mmoja na miezi minane baada ya hapo. Kama karani wa Bonn angekosea akamnakili marehemu, cheti kingesema 1769, tena kingesema Ludwig Maria. Kilisema 1770 na kikasema Ludwig tu. Mtoto wa shule ya msingi angeitatua hesabu hiyo kwa vidole, na Beethoven hakuwa mjinga.

Mwaka 1772 ulitoka wapi basi? Ulitoka nyumbani. Baba yake, Johann, mwimbaji wa ikulu ya Bonn na mlevi, aliona jinsi Mozart alivyotembezwa Ulaya nzima na babake kama muujiza, naye akatamani muujiza wake. Machi 1778 alitangaza onyesho mjini Cologne, akasema mwanawe ana miaka sita. Mtoto alikuwa na miaka saba. Umri uliopunguzwa kwa ajili ya biashara ukabaki nyumbani kama kweli, na mtoto akakua nao. Mwaka 1810 kulikuwa na sababu nyingine ya kuung'ang'ania. Waandishi wengi wa maisha yake huamini alikitaka cheti kwa kuwa alikusudia kumposa Therese Malfatti, binti wa miaka kumi na minane hivi. Mchumba wa miaka thelathini na saba na yule wa thelathini na tisa si mmoja machoni pa mama mkwe.

Nimeanza na Beethoven kwa sababu kosa lake ndilo linalowapata watu wengi wanaofukua nasaba za Kijerumani, na ni kosa la ajabu kidogo. Hakukosea kwa kutojua desturi. Aliijua vizuri: wazazi wa zama zile walimpa mtoto mpya jina la aliyekufa. Aliichukua kanuni ya kweli, akaitumia kulinda jibu alilokuwa nalo tayari. Mwanafunzi wa nasaba asiyejua kitu huuliza maswali mengi na mara nyingi huponea hapo. Wa kumhofia ni yule aliyejifunza nusu, mwenye desturi moja mkononi na babu anayemtaka moyoni.

Desturi yenyewe ni hii. Watoto walikufa wengi sana katika karne ya 17 na ya 18, na jina la babu au la msimamizi wa ubatizo lilikuwa deni. Ludwig alikuwa jina la babu yake Beethoven, mzaliwa wa Mechelen aliyehamia Bonn mwaka 1733 na kupanda mpaka akawa kiongozi wa muziki wa ikulu. Mjukuu wa kwanza alipokufa, jina lilisubiri. Mtafiti asiyejua hili huona ubatizo wa kwanza, hufurahi, hufunga daftari. Baada ya hapo humwozesha maiti: kitoto kilichozikwa kikiwa na siku sita hupewa mke, watoto wanane na safari ya meli kwenda Philadelphia. Dawa yake ni kazi ya kuchosha, nayo ni kusoma daftari la maziko kila usomapo la ubatizo. Mapadri wengine walichora msalaba mdogo kando ya jina la mtoto aliyefariki, lakini si wote, wala si kila mara.

Majina ya kwanza nayo yana ujanja wake. Katika familia nyingi mtoto alipewa jina la ibada likitangulia, Johann au Anna au Maria, kisha lile la kuitiwa. Mwanamuziki Johann Ambrosius Bach alikuwa na pacha aliyeitwa Johann Christoph, na miongoni mwa wanawe walikuwamo Johann Christoph, Johann Balthasar, Johann Jacob, na kitinda mimba Johann Sebastian. Ukitafuta "Johann Bach" katika madaftari ya Thuringia utapata kijiji kizima. Tena Johann yule yule wa kitabu cha ubatizo huenda akaoa na kuzikwa kwa jina la Jacob peke yake, na anayemfuata kwa jina la kwanza akadhani ni watu wawili. Wanawake walitiwa mkia kwenye jina la ukoo. Mke wa pili wa Sebastian alijiandika Anna Magdalena Bachin kwenye daftari lake la muziki la 1722. Wapo watu wa Marekani waliotumia miaka wakimtafuta mwanamume wa ukoo wa "Millerin", na hajapata kuwapo.

Lakini mtego mkubwa kuliko yote uko Westphalia, Lippe, na nchi ya kuzunguka Osnabrück. Huko jina la ukoo lilikaa kwenye shamba, na watu walilipita. Mwanamume aliyeoa mrithi wa shamba aliacha jina la baba yake, akachukua la shamba. Katika daftari utaona limeandikwa jina la kuzaliwa, kisha neno genannt, maana yake "aitwaye", kisha jina la shamba. Mapadri Wakatoliki walioandika Kilatini waliweka vulgo au alias. Na pengine padri hakuandika lolote, kwa sababu kijijini kila mtu alijua.

Tuchukue mfano, majina ni ya kubuni. Brinkmann anamwoa binti mrithi wa shamba la Oberdiek. Tangu siku hiyo yeye ni Oberdiek. Wana waliozaliwa kabla hajahamia shambani, kama wapo, wameandikwa Brinkmann. Wadogo zao ni Oberdiek. Watoto hao wanakufa wachanga, kisha mke anafariki bila mtoto wa kumrithi. Mjane anaoa tena, mke wa pili naye ni Oberdiek, na watoto wao ni Oberdiek vile vile. Sasa shambani pamejaa watu wenye jina la kale kabisa, na hakuna hata mmoja mwenye tone la damu ya waliolianzisha. Kwa wanakijiji hapakuwa na uongo wowote. Mwenye shamba ndiye aliyelipa kodi na kutoa mazao kwa bwana wa ardhi, na orodha za kodi zilimtaja kwa jina la shamba. Mwaka 1822 Prussia ilipiga marufuku kubadili jina bila idhini ya mfalme, na desturi ikaanza kunyongeka, ingawa kwenye mazungumzo ya kijiji iliendelea.

Fikiri jinsi kanuni hii inavyoweza kutumika vibaya. Mjukuu wa wahamiaji anagundua kwamba jina lake la ukoo ni la shamba lililotajwa katika hati ya zama za kati. Anaruka kutoka kwa babu yake wa karne ya 19 hadi kwa mwenye shamba wa karne ya 14, akijiambia jina ni lile lile. Au hufanya kinyume: anakuta ukoo anaoupenda zaidi, kisha anasema, "Hawa lazima walibadili jina, si ndivyo walivyofanya huko?" Kanuni moja imefungua milango miwili, na kila mlango unamfikisha alikotaka kwenda. Kinachohitajika ni hati ya ndoa yenyewe, mkataba wa kukabidhi shamba, au neno lile genannt kwenye mstari wa mtu huyo hasa. Kama halipo, ni ndoto tu.

Pwani ya kaskazini, Ostfriesland, mambo yalikuwa karibu na yale tuyajuayo sisi wa Juma bin Hamisi. Mtoto alichukua jina la baba, na mtoto wake akachukua lake, jina likageuka kila kizazi. Mwaka 1811, nchi ikiwa chini ya Napoleon, ilitoka amri kila mwenye nyumba ajichagulie jina la kudumu. Wengi walidharau, na serikali ya Hannover ikalazimika kurudia amri mwaka 1826. Ndugu wawili wa tumbo moja, waliokaa vijiji tofauti, waliweza kujiandikisha kwa majina mawili tofauti, na kuanzia hapo wajukuu wao ni koo mbili kwa wasiojua. Schleswig, iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark, ilikuwa imeshaambiwa hivyo tangu 1771.

Wayahudi wa nchi za Kijerumani walipewa amri zao mbali: maeneo ya magharibi ya mto Rhine mwaka 1808, Prussia 1812, Bavaria 1813. Ukoo mmoja maarufu unatosha kuonyesha kilichotokea. Mwanafalsafa Moses alizaliwa Dessau, mwana wa Mendel, naye akaandika jina hilo kwa Kijerumani: Mendelssohn. Mwanawe Abraham alikuwa mwenye benki, akawabatiza watoto wake katika kanisa la Kiprotestanti. Shemeji yake alikuwa amejipa jina la Bartholdy, lililotokana na mali ya ukoo wa mke wa Abraham, shamba la ng'ombe wa maziwa kando ya mto Spree, Berlin. Abraham alitaka mwanawe Felix aache kabisa Mendelssohn na ajiite Bartholdy tu, kwa hoja kwamba Mkristo wa jina la Mendelssohn hawezekani. Felix hakumtii, alibeba yote mawili, na ulimwengu wa muziki ukalisahau lile la shamba. Vizazi vitatu, majina matatu, damu moja. Aliyeshika jina moja tu angekuwa amepotea kabla hajafika kwa babu.

Kuna na herufi chache zinazowatia watu wazimu kuliko desturi zote: von. Anayeiona mbele ya jina la babu hunyoosha mgongo. Kweli, mara nyingi ilikuwa alama ya ukabaila. Lakini kaskazini mwa Ujerumani na Uswisi walikuwapo wakulima wenye von iliyoeleza tu walikotoka. Wengine walitunukiwa utu uzima: Goethe alipewa von yake mwaka 1782, na ukipanda ngazi mbili juu yake unamkuta babu fundi cherehani, ukipanda ya tatu unamkuta mhunzi wa kupiga farasi viatu mjini Artern. Na tangu katiba ya Weimar ya 1919 vyeo vya kikabaila vimekuwa sehemu ya jina la ukoo tu, vikarithiwa kwa ndoa au kwa kupangwa mtoto. Mume wa mwisho wa mwigizaji Zsa Zsa Gabor alijiita Prinz von Anhalt. Alipangwa mtoto akiwa mtu mzima, mwaka 1980, na mwanamke wa ukoo huo. Atakayekuja kuandika nasaba yake kwa kufuata jina atamfikisha kwa watawala wa zama za kati.

Beethoven aliteswa na hili pia, na kisa chake mahakamani ni kichungu kuliko cha cheti. Mdogo wake alipofariki mwaka 1815 aliacha mtoto wa kiume, Karl, na Beethoven akaanza kupigana na mama wa mtoto kuhusu ulezi. Kesi ilisikilizwa na mahakama ya Vienna iliyoshughulikia makabaila peke yao. Ilimpokea kwa sababu ya van, na yeye hakuwasahihisha. Kisha Desemba 1818, akihojiwa kuhusu masomo ya Karl, alisema angempeleka kwenye shule ya Theresianum laiti mtoto angekuwa wa daraja la kikabaila. Majaji wakasimama hapo hapo. Je, yeye na marehemu nduguye hawakuwa makabaila? Ana hati? Ikambidi aeleze kwamba van ni neno la Kiholanzi na haliwahusu makabaila peke yao, na kwamba hati hana. Wiki moja baadaye faili lilihamishiwa mahakama ya mji, ya watu wa kawaida, ambayo mwaka uliofuata iliegemea upande wa mama. Beethoven alishinda kwa rufaa mwaka 1820, baada ya kupoteza muda na afya ambavyo hakuvipata tena.

Tazama tofauti ya mambo haya mawili. Kuhusu cheti, alisadiki alichoambiwa nyumbani. Kuhusu van, alijua kweli na akaacha watu wadhani. Wanaotafuta nasaba hujikuta katika hali zote mbili, mara nyingi bila kujua mpaka uko wapi.

Wengine hubadili nchi nzima. Kitabu maarufu cha Donald Trump cha mwaka 1987 kinasema babu yake alitoka Sweden. Babu huyo, Friedrich, alizaliwa Kallstadt, kijiji cha mashamba ya mizabibu katika Palatinate, akaondoka kwenda New York mwaka 1885 akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Alipojaribu kurudi kuishi, serikali ya Bavaria ilimkatalia mwaka 1905 kwa kuwa alikwepa jeshi. Sweden iliingia baadaye, kupitia kwa mwanawe Fred: ndugu mmoja aliyetunza habari za ukoo alieleza kwamba baada ya vita wapangaji wengi wa Fred walikuwa Wayahudi, na Ujerumani haikuwa asili ya kujitangaza nayo. Biashara iliyompunguzia Beethoven mwaka ndiyo iliyomhamisha babu huyu. Mtu angeweza kukaa Gothenburg mwaka mzima akisoma madaftari ya Kiswidi kwa bidii na uaminifu, na asipate chochote, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limepotea tangu mwanzo.

Hadi hapa nimesimulia watu waliojidhuru wenyewe, au waliodanganya kidogo. Kuna wakati ambapo dola nzima ilikwenda kwenye madaftari ya kanisa ikiwa na jibu mfukoni.

Tarehe 7 Aprili 1933 utawala wa Hitler ulitoa sheria ya utumishi wa umma, na siku chache baadaye kanuni zake zikasema babu mmoja au bibi mmoja Myahudi anatosha kumtoa mtu kazini. Ghafla walimu, mahakimu, makarani na madaktari walihitaji hati za ubatizo za mababu. Wachungaji na mapadri wa vijijini walizama katika barua za maombi. Kilichapishwa kijitabu, Ahnenpass, chenye nafasi za kujaza vizazi, kila mstari ukipigwa muhuri. Anayetaka kuingia kikosi cha SS alitakiwa kurudi hadi 1800. Afisa, hadi 1750. Wauzaji wa vitabu na watafiti wa kulipwa walipata soko ambalo hawakupata kuliota.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na tundu ambalo wenyewe hawakulizungumza. Sheria za Nuremberg za 1935 zilidai kupima damu, lakini damu haina kipimo cha dini, kwa hiyo zilihesabu mababu waliokuwa wa jumuiya ya Kiyahudi. Yaani "uzao" uliamuliwa kwa daftari la ibada: babu aliandikwa kanisani au aliandikwa sinagogi? Ndipo mistari ya kawaida iliyoandikwa na padri mzee kwa wino hafifu, mwaka 1805, ilipogeuka hukumu. Majina nayo hayakuachwa. Kwa kanuni ya Agosti 1938, Myahudi ambaye jina lake la kwanza halikuwamo katika orodha iliyotolewa alilazimishwa kuongeza Israel kama ni mwanamume, Sara kama ni mwanamke, kuanzia Januari 1939. Ukikuta hati ya miaka hiyo yenye jina hilo la katikati, usimwandikie babu wa mtu jina ambalo wazazi wake hawakumpa.

Na aliyewadai Wajerumani wote babu zao hakuweza kumthibitisha wake. Babake Hitler, Alois, alizaliwa mwaka 1837 katika kijiji cha Strones, Austria, mama yake akiwa Maria Anna Schicklgruber ambaye hakuwa ameolewa. Katika daftari la parokia ya Döllersheim, mahali pa jina la baba paliachwa patupu. Miaka mitano baadaye mama aliolewa na Johann Georg Hiedler, lakini mtoto aliendelea kuitwa Schicklgruber na alilelewa na ndugu wa Hiedler, ambaye jina lake liliandikwa Hüttler. Tumbo moja, tahajia mbili, jambo la kawaida kabisa kwa zama ambapo padri aliandika alivyosikia. Mwaka 1876 Alois alikuwa afisa wa forodha mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, mama yake amekufa, Johann Georg amekufa. Mashahidi watatu walifika kwa mthibitishaji wa hati, wakaapa kwamba marehemu alikuwa amekiri ni mwanawe. Padri akajaza nafasi, na jina likaandikwa Hitler. Huenda walisema kweli. Huenda baba alikuwa yule ndugu mlezi. Uvumi uliokuja kuenea baada ya vita, kwamba babu alikuwa Myahudi wa Graz, ulitoka katika kumbukumbu za wakili wake Hans Frank, alizoandika akisubiri kunyongwa, na haujapata ushahidi. Wanaoupenda uvumi huo nao wamekwenda Döllersheim na jibu mfukoni. Hawana haki zaidi ya wale waliochapisha mwaka 1937 mti wa ukoo wa kiongozi wao, nadhifu, bila kisanduku kitupu.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii kwa adili, njia ni ya polepole. Uanze kwako, upande kizazi kimoja kimoja, na kila ngazi iwe na karatasi. Uandikishaji wa kiserikali ulianza Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876, Prussia tangu Oktoba 1874, na magharibi mwa Rhine tangu siku za Wafaransa. Kabla ya hapo utategemea makanisa. Sheria ya sasa inafungua kumbukumbu za vizazi baada ya miaka 110, za ndoa baada ya 80 na za vifo baada ya 30. Madaftari mengi ya Kikatoliki yanasomeka bure kwenye Matricula, na mengi ya Kiprotestanti kwa ada kwenye Archion. Utalazimika kujifunza hati ya zamani ya Kurrent, ambayo herufi zake e na n zimewaliza wengi. Na zaidi ya jina, tafuta kijiji. "Hannover" katika karatasi ya uhamiaji huenda ni ufalme mzima wala si mji, na Neustadt ziko nyingi kupindukia. Orodha za abiria wa Hamburg za kuanzia 1850 zipo hadi leo. Za Bremen nyingi zimeangamia, na hapo hapana la kufanya ila kuandika kwamba hazipo. Nembo ya ukoo unayouziwa kwa jina lako, iache dukani. Nembo zilipewa familia fulani, na Müller wa Ujerumani ni wengi kuliko watu wa jina lingine lolote.

Hamburg inanikumbusha familia moja inayotuhusu. Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, alibatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na mfanyabiashara Heinrich Ruete. Anayemtafuta Salme katika madaftari ya Hamburg hatamwona. Aliyepo ni Emily Ruete, mjane tangu 1870 mumewe alipokanyagwa na tramu, mama wa watoto watatu. Mwanawe Rudolph alizaliwa mwaka 1869 akiwa Ruete tu. Mwaka 1906 aliongeza jina mbele ya hilo, akawa Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kitabu cha maisha ya babu yake, Said bin Sultan. Kwa hiyo kuna jina la ukoo la Kijerumani ambalo nusu yake ni jina la kwanza la mtu wa Muscat, lililowekwa hapo na mjukuu nusu karne baada ya babu kufa. Mtafiti akilifuata hilo Said kupanda juu katika madaftari ya kanisa, ataishia 1906. Atakayetaka kuendelea itabidi aache kanisa na aombe nasaba za Al Busaidi, zinazosomwa kwa bin na binti.